SAUTI ZETU ZISIPOTEE
Namna ya kuunga mashine ya santuri na spika na kompyuta

Ndugu wafanyakazi,

Wanachama wa hapa Rebero, na wenzetu wa mashamba ya chai, wametuuliza jambo moja. Wanazo sahani za santuri walizoachiwa na wazee wao. Siku hizi zinauzwa mashine za santuri zenye waya wa USB wa kuungwa kwenye kompyuta. Wanauliza: waya upi unakwenda wapi? Tunajibu hapa kwa lugha nyepesi, ili kila mmoja aweze kuifanya kazi hii mwenyewe.

KWA NINI TUSHUGHULIKE

Katika sahani hizi imo historia ya wafanyakazi. Kule Tanzania chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma.

Hapa kwetu Rwanda, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalituondolea waimbaji kama André Sebanani wa bendi ya Impala, na Cyprien Rugamba wa kundi la Amasimbi n'Amakombe. Hao hawataimba tena. Kilichobaki ni kile kilichorekodiwa. Na kila sindano inapopita juu ya sahani, mifereji yake huliwa kidogo. Kwa hiyo yafaa sauti ichukuliwe mapema, tena kwa uangalifu.

KANUNI MOJA YA KUSHIKA

Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, kiasi cha sehemu 5 katika 1,000 za volti moja. Amplifaya au spika zenye umeme wake hutaka kiasi cha sehemu 300. Tena, sahani inapotengenezwa, sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi. Kanuni ya kazi hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka 1954, ikaenea duniani.

Basi lazima pawepo kifaa cha kuikuza sauti na kuirudisha katika hali yake. Tukiite kikuzaji. Mashine nyingi za USB zinacho ndani yake. Tazama nyuma ya mashine: kuna swichi yenye maneno PHONO na LINE. Ukiweka LINE, kikuzaji cha ndani kinafanya kazi. Ukiweka PHONO, kimepumzishwa.

Kanuni ni hii: sauti ipite kwenye kikuzaji mara moja tu. Isipopita kabisa, utasikia mlio kama wa mbu. Ikipita mara mbili, sauti itakwaruza na spika zinaweza kuungua.

NJIA YA KWANZA: KWENDA KWENYE SPIKA

1. Zima kila kitu kabla ya kugusa waya.

2. Spika zenye plagi yake ya umeme: weka swichi kwenye LINE, kisha unga waya mwekundu na mweupe moja kwa moja. Mwekundu ni spika ya kulia, mweupe ni ya kushoto.

3. Spika zisizo na umeme wake haziungwi kwenye mashine ya santuri. Sharti zipitie amplifaya. Kama amplifaya ina tundu la PHONO, litumie, na swichi ya mashine iwe PHONO pia. Kama haina, unga kwenye tundu la AUX, na swichi iwe LINE.

4. Ukiona waya mwembamba wa peke yake, huo ni wa ardhi. Ufunge kwenye skrubu ya amplifaya palipoandikwa GND. Bila huo, spika huweza kuvuma muda wote.

5. Usiweke spika meza moja na mashine. Mtikisiko wa spika huirudia sindano, na sauti hugeuka kuwa ngurumo.

NJIA YA PILI: KWENDA KWENYE KOMPYUTA

Waya wa USB unajitegemea. Unatosha kurekodi hata bila spika, lakini ukiunga njia zote mbili utasikiliza huku ukirekodi.

Weka programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Mahali pa kuchagua sauti inakotoka, chagua USB Audio CODEC, au jina la mashine yako. Usipochagua, kompyuta huweza kurekodi kwa maikrofoni yake, na badala ya wimbo utapata kelele za jirani na za watoto uani. Chagua pia stereo.

Jaribu kwanza kwenye sehemu ya wimbo yenye kelele zaidi. Vipimo vikigonga mwisho, punguza, kwani sauti iliyokatwa vichwa hairekebishiki vizuri. Kisha rudisha sindano mwanzo, urekodi upande mzima.

Ukimaliza na kompyuta ikawa bubu, usidhani imeharibika. Huenda inapeleka sauti kwenye mashine ya santuri, ambayo haina spika. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague tena spika za kompyuta.

KUHIFADHI

Hifadhi kwanza kwa WAV, ambayo haipunguzi kitu. Dakika moja hula kiasi cha MB 10, hivyo upande wa dakika 20 ni kama MB 200. Kopi ya MP3 ya kusikiliza kwenye simu itengenezwe baadaye. Andika jina la wimbo, la bendi na la mwenye sahani. Weka kopi mahali pawili, nyumba mbalimbali, kwani kompyuta nayo hufa. Sahani yenyewe usiitupe. Isimamishe wima, mbali na jua.

Jambo la mwisho, ndugu. Mwanamuziki naye ni mfanyakazi, na wimbo ni jasho lake. Kopi hizi ni za kuhifadhi na kusikiliza nyumbani, si za kuuza sokoni. Sisi tunaodai haki ya jasho letu tusile jasho la mwenzetu.

Mwenye mashine amsaidie asiye nayo, na aliyejifunza amfundishe mwingine. Umoja ni nguvu.