Je, Wajua? Hataza ya manjano ilivyofutwa

Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya tu. Jambo lililokwishajulikana halina wa kulidai. Hata hivyo, mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutibu vidonda kwa manjano, tiba iliyotumika India kwa karne nyingi! Baraza la utafiti wa kisayansi la India, CSIR, likapinga. Ushuhuda wa mama waliowapaka watoto manjano usingetosha, na hilo lauma: sheria ya Marekani wakati huo haikuhesabu matumizi ya nchi za nje, ila yaliyoandikwa na kuchapishwa. CSIR ikawasilisha maandiko ya Kisanskriti pamoja na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.