Kutengeneza Ubao wa Katikati wa Mashua

Kibirichia, katika nchi ya Meru, ni mahali pa viazi na ngano kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na bahari iko mbali sana. Hata hivyo, seremala wa huko akienda kutafuta kazi Mombasa au Kilifi, huenda siku moja akaletewa mashua ndogo ya tanga iliyochakaa, nao ubao wake wa katikati umevunjika. Yafaa ajue kazi ya ubao huo, kwa maana uhai wa mabaharia huutegemea.

Mkulima aliyeshika plau ya ng'ombe amekwisha kuiona kazi yake. Kwenye ubavu wa plau kuna kipande kirefu cha chuma kinachosuguana na ukingo wa mtaro. Udongo unaopinduliwa huisukuma plau upande, na kipande hicho huizuia isitoke katika mstari. Mashua nayo husukumwa ubavuni na upepo unaopiga tanga. Ubao wa katikati hushushwa majini kupitia sanduku jembamba lililo ndani ya chombo, ukakizuia kisiende upogo. Mashua isiyo nao haiwezi kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku kuelekea upepo utokako. Hupeperushwa mpaka mwambani au bahari kuu. Ngalawa za pwani hazina ubao huu. Matengo yake mawili ya pembeni husaidia kazi hiyo.

Ubao huharibika hasa mahali patatu: ncha ya chini, igongayo mwamba, tundu la pini, lipanukalo kwa kusuguana, na kingo, ambazo huoza rangi ikibanduka.

Kwanza mashua ivutwe nchi kavu na kulazwa ubavu, pini itolewe, na ubao uchomolewe. Ukaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali huupinda. Kisha sehemu iliyooza ikatwe mpaka mti mzima uonekane. Kuacha uozo kidogo ndani ni sawa na kuacha kiazi kimoja kilichooza ghalani.

Kipande kipya kiwe cha mti mgumu, kama mvule, na nyuzi zake zifuate nyuzi za ubao wa zamani. Maungio yakatwe kwa mshazari, urefu wake uwe mara 8 ya unene wa ubao: ubao ukiwa na unene wa sentimeta 2, maungio yawe sentimeta 16. Gundi iwe ile isiyoyeyuka majini, na kazi ibanwe kwa jiliwa mpaka ikauke kabisa.

Tundu la pini lililopanuka lisizibwe kwa kitambaa. Lichongwe liwe duara, lijazwe kigingi cha mti mgumu kwa gundi, ndipo litobolewe upya.

Mwisho, ukingo wa mbele uviringishwe na wa nyuma uchongwe uwe mwembamba. Ubao upakwe rangi mara tatu, hasa mahali nyuzi zilipokatwa, maana hapo ndipo mti hunywa maji. Fundi akumbuke kwamba mbao hufura: nafasi ndogo iachwe kila upande, la sivyo ubao utakwama sandukuni siku utakapohitajiwa. Sanduku nalo likaguliwe lisije likavuja. Kisha mashua ijaribiwe karibu na ufuko, kwa upepo mdogo, kabla watu hawajaiamini kwa safari.