Trape: mlango mdogo wa nyumba za watu wengi



Wiki iliyopita, katika somo la desini, mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu alinyosha kidole kuelekea plafoni akauliza: «Mwalimu, ile kipande ya mbao pale juu inafanya nini? Sababu gani fundi hakuimaliza sawa zingine?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kupita vile yeye mwenyewe alivyofikiri. Ile kipande si kazi isiyomalizika. Ni mlango. Mafundi wetu wanaiita trape, na kazi yake ni kumruhusu mtu afikie vitu vilivyofichwa nyuma ya ukuta ao juu ya plafoni: nyuzi za umeme, mabomba ya maji, mashini.

Nilimwahidi kuandika kidogo juu yake katika kikaratasi chetu. Lakini nikisema tu habari ya trape ya darasa, nitamaliza kwa mistari kumi. Basi nimechagua trape za stasio za treni na za viwanja vya ndege, ju ni kule ndiko tunaona vizuri kwamba kitu kidogo hiki kinaweza kuokoa watu ao kuwaua. Katika nyumba ya mtu mmoja, trape mbaya ni hasara ya mtu mmoja. Katika stasio yenye kupita watu maelfu kila siku, ni jambo lingine.

Tuanze na habari ya kweli. Tarehe 18 Novemba 1987, katika muji wa London, moto uliwaka katika stasio ya King's Cross, pahali treni zinapita chini ya udongo. Kule watu wanashuka kwa ngazi zenye kutembea zenyewe kwa nguvu ya umeme. Ngazi moja ilikuwa ya zamani, ya mbao. Wenye kuchunguza walikuta kwamba kijiti cha kiberiti kilianguka kwa tundu la pembeni, kikaingia chini ya ngazi. Na chini kule kulikuwa nini? Mafuta mazito ya mashini, yenye kuchanganyika na vumbi, nywele, karatasi na nyuzi za nguo, vitu vya miaka mingi ambavyo hakuna mtu aliyevisafisha vizuri. Moto ulionekana mdogo mwanzoni, watu waliendelea kupita. Kisha karibu dakika 15, ndimi za moto zikapanda na ngazi kwa ghafula zikajaza chumba cha juu pahali watu wanakata tiketi. Watu 31 walikufa.

Musiseme haraka: «Ni kosa la mvuta sigara.» Kuvuta sigara kulikuwa kumekwisha kukatazwa mule. Angalieni jambo la pili: chini ya ngazi kulikuwa mabomba ya kurusha maji sawa ukungu, ya kuzima moto wa namna hiyo, na siku ile hayakutumiwa. Kumbe pahali pa kufichwa ndipo penye hatari, na dawa yenyewe ilikuwa palepale, lakini hakuna aliyeifungua. Kisha hapo Uingereza wakatunga sheria za kulinda stasio za chini na moto, katika mwaka 1989, na mbao zikaondolewa. Mimi nikisoma habari hii ninawaza trape kila mara. Nafasi isiyofikiwa kwa urahisi haisafishwi. Fundi ni mtu sawa mimi na wewe: ikiwa kufungua ni kazi ya saa nzima, na visi 20 zimeshika kutu, atasema «tutaangalia mwezi ujao», na mwezi ujao atasema vilevile.

Ndiyo maana swali la kwanza la mwenye kuchagua trape si «bei gani?» wala «rangi gani?». Ni hili: nyuma yake kuko nini, na nani atafungua, mara ngapi? Ikiwa ni kifungulio cha maji tu, mkono peke yake unaingia, tundu la sentimeta 30 kwa 30 linatosha. Ikiwa mtu mzima anapaswa kuingia na vyombo vyake, chini ya sentimeta 60 kwa 60 ni kumtesa. Na mtu akiingia mzima-mzima, mlango lazima ufunguke kwa ndani pasipo ufunguo. Mukifikiri kidogo mutaona sababu: mwenzake anapita inje, anaona mlango wazi, anaufunga kwa mapendo mema.

Sasa, kitu gani cha kutengenezea? Nyumbani tunatumia tripleksi, ni mzuri na mwepesi. Katika stasio haufai. Tripleksi unawaka, unavimba kwa maji, na kisu cha mtoto mtundu kinautoboa. Bamba za jasi haziwaki, lakini pembe zake zinavunjika kisha kufunguliwa mara chache. Basi inabaki tole ya chuma, aluminium, na ile chuma isiyoshika kutu tunayoita inoksi.

Tufanye hesabu, kwa kuwa tuko shuleni. Trape ya sentimeta 60 kwa 60, ya tole ya chuma yenye unene wa milimeta 2, ina uzito gani? Eneo ni meta 0,36 za mraba, mara 0,002, mara kilo 7.850 kwa kila meta ya ujazo. Tunapata zaidi ya kilo 5 na nusu. Ya aluminium, kilo 2.700 kwa meta ya ujazo, ni karibu kilo 2. Kwa ukuta, uzito si shida. Kwa plafoni, ni shida kubwa. Kitu chenye kuanguka kutoka meta 4 kinafika chini na mwendo wa karibu kilometa 32 kwa saa (wa darasa la tano wahakikishe). Kilo 5 na nusu kwa mwendo ule, juu ya kichwa cha mama mwenye kungojea treni! Haya si ndoto. Katika Marekani, mwezi wa Machi 2023, kipande cha plafoni kilianguka katika stasio ya Harvard, upande wa Boston, karibu na kichwa cha msafiri. Kwa bahati hakikumgusa. Katika Japani bahati haikuwapo: tarehe 2 Desemba 2012 bamba za zege za plafoni ya tuneli ya Sasago, pahali motokari zinapita, zilianguka kwa urefu wa zaidi ya meta 100, watu 9 wakafa. Bulo zenye kuzishika kule juu zilikuwa zimelegea, na wachunguzi wa mwisho hawakupanda kuzipiga kwa nyundo na kusikiliza sauti yake. Kwa hiyo, trape ya plafoni inapaswa kushikwa mara mbili: bawaba (mafundi wanasema sharnieri) kwa upande mmoja, na kamba ya chuma ao mnyororo mfupi kwa upande mwingine. Seruri ikishindwa, mlango unabaki unaning'inia tu.

Kuna adui mwingine ambaye sisi hatumfikiri: upepo. Munajua pompe ya baisikeli. Unasukuma, hewa mbele ya pistoni inakosa pahali pa kwenda, inatoka kwa nguvu. Treni katika tuneli nyembamba ni pistoni ile. Kila moja ikiingia inasukuma hewa kwenye stasio, ikitoka inaivuta. Tole nyembamba inaingia na kutoka kidogo, tap, tap, siku nzima, na kila mara visi zinalegea nusu ya unywele. Ndiyo maana trape nzuri ya stasio inakunjwa pembeni kuipa nguvu, na kati ya mlango na fremu wanaweka ukanda wa mpira. Mpira ule unazuia pia maji ya kusafishia na vumbi jeusi la feni za treni.

Na inoksi? Ni nzuri kabisa penye maji, lakini ni ghali. Wengi wanachagua chuma chenye kupakwa zinki kisha rangi ya kuchomwa, nao wanafanya vema mahali pakavu. Lakini angalisho juu ya aluminium: ikigusana na chuma cha namna nyingine, na maji yakiwa katikati, vinafanya sawa pile ya torshi. Mkondo mdogo wa umeme unapita, na aluminium inaliwa polepole. Kwa hiyo mafundi wanaweka kipande cha plastiki kati ya visi na aluminium. Wa kemia watueleze zaidi katika namba yenye kufuata.

Nirudie moto, maana hapo ndipo wengi wanadanganyika. Mtu anasema: «Trape yangu ni ya chuma, chuma hakiwaki, basi niko salama.» Hapana. Chuma hakiwaki, lakini kinapitisha joto sawa sufuria. Katika Ulaya ukuta wenye kuzuia moto unapewa herufi na hesabu: E maana yake ndimi za moto na hewa ya moto hazipiti, I maana yake joto pia halipiti, yaani uso wa upande mwingine haupandi zaidi ya digrii 140 kwa wastani juu ya ile ya mwanzo, na hesabu ni dakika. EI 60 inashindana na moto saa moja, EI 120 saa mbili. Tole peke yake inaweza kupata E, lakini I haipati. Inahitaji tumbo la sufu ya mawe ndani yake, na kando ya fremu ukanda wa dawa yenye kuvimba kwa joto na kuziba nafasi. Ukijenga ukuta wa dakika 120, kisha ukatoboa tundu na kuweka trape ya dakika 30, umejenga ukuta wa dakika 30. Na trape iliyoachwa wazi ni dakika sifuri. Kwa hiyo ile ya ukuta wa moto inapaswa kujifunga yenyewe kwa resori.

Kiwanja cha ndege cha Düsseldorf, katika Ujeremani, kilifundisha hayo kwa uchungu. Tarehe 11 Aprili 1996 watu walikuwa wanaunga vyuma kwa moto, kazi ya sudire, kwenye barabara iliyopita juu ya nyumba. Matone ya chuma moto yalishuka kwenye nafasi ya juu ya plafoni, yakawasha vitu vya plastiki vya kuzuia joto. Moto ulitembea mule juu pasipo watu wa chini kuona kitu. Moshi ulipowafikia, 17 walikufa. Ninawaza: nafasi ya namna ile inahitaji milango ya kuichungulia, na tena inahitaji kugawanywa vyumba-vyumba ili moto usitembee. Milango mingi pasipo kuta za kugawanya haisaidii.

Inabaki jambo la kufunga. Seruri nyingi za trape zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe 3 ao 4. Ni rahisi kwa fundi, lakini kijana yeyote mwenye lima na msumari mkubwa anaweza kuutengeneza, na huku kwetu nyuzi za shaba zinapendwa sana na wezi. Tena mahali pa kuficha kitu ni hatari yenyewe. Mwezi wa Februari 1991 bomu iliwekwa katika pipa la takataka katika stasio ya Victoria, London, ikaua mtu mmoja. Kisha hapo wakaondoa mapipa yale katika stasio. Trape isiyofungwa ni sawa na pipa lile, na haionekani hata ndani yake. Basi kwa upande wa watu: seruri ya ufunguo wa kweli, sharnieri zilizofichwa ndani, hakuna visi inje, hakuna mkono wa kushika, na seruri yenye kujifunga wakati mlango unasukumwa, ju fundi mwenye haraka anasahau.

Lakini ufunguo nao una matata yake. Katika shule moja nilikofundisha zamani, wanafunzi walikuwa wanaficha chakula juu ya plafoni ya bweni. Mkubwa akakasirika, akaamuru trape ipigwe misumari. Usiku mmoja wa mvua, waya juu kule zikagusana, moshi ukaanza kutoka pembeni ya taa. Tulikata umeme, Mungu asaidie, lakini kufungua mule tulitumia koleo na shoka karibu nusu saa, na wavulana 40 inje kwenye matope. Hakuna aliyeumia. Magodoro sita yaliharibika. Tangu siku ile nikiona trape yenye seruri nzuri sana, ninauliza kwanza: ufunguo uko kwa nani usiku? Mimi ninapenda funguo chache, zenye namba, zinazoandikwa katika kaye kila mara zinapotoka, na moja kwa mlinzi wa zamu. Na namba ileile iandikwe kwenye trape na kwenye desini ya nyumba, sababu katika moshi hakuna mtu mwenye kukumbuka ni ile ya tatu ao ya nne.

Jambo dogo la mwisho, kwa wapaka rangi: musipake rangi juu ya mpasuko wa mlango. Rangi ikikauka ni gundi.

Sasa trape ya darasa letu. Nilipanda kuipima. Ni tripleksi, sentimeta 40 kwa 40, pasipo sharnieri. Imekaa tu juu ya fremu, na upande mmoja panya wameila. Fundi wetu, mabega yake munayajua, hawezi kupita. Ndiyo sababu kila mara anamtuma mtoto, na mimi sipendi mtoto apande penye waya. Darasa la tatu watachora nyingine ya 60 kwa 60, yenye sharnieri na mnyororo, kwa kipimo cha 1 kwa 5. Desini ziletwe Alhamisi. Ile itakayopendeza nitaipeleka kwa prefe pamoja na hesabu ya visi na tole.

Mwalimu wa desini