Kahawa tungu na udugu wa barazani

Mwenzangu mmoja wa kazi, mtu wa bara, alinitembelea Mombasa, na usiku niliporudi kutoka sala ya Isha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Kwetu," alisema, "mtu akitoka kazini amechoka, au akiwa ana jambo linalomla moyo, huenda pale baa ya mtaani. Si lazima alewe. Huenda kwa sababu mwenye baa amjua, na kiti chake chajulikana. Je, nyinyi Waislamu wa pwani mwaenda wapi?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilimshika mkono, tukafuata vichochoro vya Kibokoni mpaka tukafika pale tunapokaa kila usiku. Kabla hatujapaona tulisikia vikombe vikigonganishwa, kwani ndivyo muuza kahawa anavyonadi bidhaa yake bila ya kufungua kinywa. Wazee wakasogea, mgeni akapewa nafasi katikati, akatiliwa kikombe kabla hajaulizwa ni nani na atoka wapi. Habari zake ziliulizwa baada ya kikombe cha kwanza, kama ilivyo desturi.

Alipomaliza kikombe cha tatu, mwenzangu alicheka akasema, "Kumbe baa mnayo! Pombe tu ndiyo hamna." Mzee mmoja akamjibu papo hapo, "Basi na wewe, mwanangu, kumbe huko kwenu hukuwa ukifuata pombe. Ulikuwa ukifuata watu."

Ndugu msomaji, jawabu hilo limenikaa moyoni mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

JIWE LA KUKALIA

Sisi tuliozaliwa mijini humu pwani hatulitazami baraza kama kitu cha ajabu, kwani tumelikuta. Ni kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa ukutani mbele ya nyumba, nje ya mlango. Lamu wana daka, lililo kizingitini na lenye vikalio vyake huku na huku. Hapo mwenye nyumba huweza kuzungumza na mgeni bila ya kuisumbua familia yake ndani, na mpita njia akapumzika bila ya kuomba ruhusa. Jiwe hilo lina heshima kubwa kuliko umbo lake, maana neno lile lile la kikalio cha mbele ya nyumba ndilo tunalolitumia tunapotaja Baraza la Mawaziri.

Kahawa yenyewe haina siri kubwa. Buni hukaangwa ikaiva vyema, ikatwangwa, kisha ikachemshwa kwa muda mrefu pamoja na tangawizi, na wengine hutia iliki. Sukari haitiwi, ndiyo sababu ikaitwa kahawa tungu, na ndiyo sababu mnywaji hutafuna kashata au tende ili ulimi upate kuliwazika. Dele la shaba hukaa juu ya makaa ili kahawa isipoe. Vikombe ni vidogo, havina mkono, na kila kimoja hakizidi mafunda matatu.

Hapo kwenye udogo wa kikombe ndipo penye hekima. Mwenye kiu atakwenda kunywa maji, na mwenye njaa atakwenda hotelini. Kahawa tungu haikati kiu wala haishibishi. Mtu huinywa kidogo kidogo, huku imoto, akangoja cha pili, na katika kungoja huko ndimo mazungumzo yanamozaliwa. Hamali wa bandarini hukaa bega kwa bega na mwalimu wa madrasa, na kijana asiye na kazi humsikiliza mzee aliyezunguka bahari. Watazungumza bei ya samaki, mpira, siasa, na nani amefiwa. Aliye na hela huwalipia wawili watatu bila ya kutangaza, na asiye nazo hanyimwi. Aliye na huzuni halazimishwi kusema. Yuaweza kukaa kimya saa nzima, akaondoka nafuu.

WALIOKIOGOPA KIKOMBE

Jambo hili si geni katika Uislamu, na lina historia ya kuchekesha. Neno kahawa latokana na Kiarabu, qahwa, na wajuzi wa lugha wasema kwamba hapo kale neno hilo lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wapate kukesha katika dhikri, na kutoka huko ikaenea mpaka Makka na Kairo.

Mwaka wa 1511, hapo Makka, afisa aliyeitwa Kha'ir Beg aliwakuta watu usiku wamekusanyika wakinywa kahawa. Akashuku, akawaita wanazuoni na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku hayo hayakudumu, kwani wakubwa wake huko Kairo hawakuyaunga mkono kama alivyotaka. Huko Istanbul nyumba za kahawa zilifunguliwa katikati ya karne ya 16, na mwaka wa 1633 Sultani Murad wa Nne akazifunga. Wala usidhani ni watawala wa Kiislamu peke yao. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa amri mwezi wa Desemba 1675 kwamba nyumba za kahawa zifungwe. Watu walipiga kelele hata ikambidi airudishe amri yake mwezi uliofuata.

Walikuwa wakiogopa nini wakubwa hao? Yalisemwa mengi juu ya kinywaji chenyewe, lakini kilichowatia hofu zaidi ni watu waliokaa pamoja, wasioamrishwa na mtu, wakiulizana habari. Mtawala anayeogopa kikombe amekwisha kujua nguvu ya barazani kuliko sisi tunaokaa pale kila siku.

MZEE WA VIKOMBE VITATU

Palikuwa na mzee pale kwetu ambaye mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki na watoto wake wakaishi mbali. Tulimwita kwa jina la utani, na jina hilo sitaliandika hapa. Kila usiku baada ya Isha alikaa pembe ile ile, akanywa vikombe vitatu, si viwili wala si vinne. Alikuwa akicheka kabla ya kumaliza kisa, hata sisi tukacheka bila ya kujua mwisho wake.

Usiku mmoja, miaka kadhaa kabla ya 2020, hakuja. Mimi sikutambua. Aliyetambua ni muuza kahawa, maana mkono wake ulikuwa umezoea kutia vikombe hivyo vitatu. Alisimama na dele lake akasema, "Mzee wangu wa vikombe vitatu yuko wapi?" Vijana wawili wakaondoka kwenda kumtazama. Walimkuta kitandani, homa imempiga, hana nguvu ya kuinuka wala mtu wa kumpa maji. Usiku ule ule wakamchukua hospitali.

Alirudi baada ya wiki moja. Muuza kahawa akamkunjia uso, akamwambia, "Ami, siku saba kwa vikombe vitatu ni ishirini na kimoja. Twaanzia wapi?" Baraza zima likaangua kicheko, na mzee akalia machozi huku akicheka. Sijapata kuona mtu akikaribishwa duniani namna ile.

Lau hadithi ingeishia hapo, ningeliandika makala ya kujisifu. Haikuishia hapo.

USIKU WA KIMYA

Mwaka wa 2020 ulituletea maradhi ya korona. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza nchini, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa. Tarehe 6 Mei, tukiwa katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, Mji wa Kale ukazuiwa watu kuingia wala kutoka, na zuio hilo likaendelea mpaka mwezi wa Juni. Sitabishana na hatua hizo, maana maradhi yalikuwa ya kweli na yalituulia wapendwa wetu. Nasema tu kwamba saa za kafyu ndizo zilizokuwa saa za baraza. Ramadhani ambayo kwa kawaida baada ya tarawehe watu hukaa mpaka karibu na daku, mwaka ule vichochoro vilikuwa kimya kama makaburini.

Muuza kahawa wetu alikuwa amerudi kwao kabla ya zuio, maana hakuwa na wa kumuuzia. Wale vijana wawili walikuwa wamekwisha kwenda Ghuba kutafuta riziki. Nami nilikuwa nyumbani kwangu, nikisoma na kuandika, nikijiambia kwamba sote tu salama, In Shaa Allah.

Mzee wa vikombe vitatu alifariki katika siku hizo. Walisema ni moyo, si korona. Habari zilinifikia siku ya nne. Alizikwa na watu wachache, kwani wakati huo wazishi hawakuruhusiwa kuzidi kumi na watano, na mimi sikuwamo. Nilipotaka kupeleka rambirambi, niligundua jambo lililonitia haya mpaka leo. Nilijua idadi ya vikombe vyake, nilijua apendavyo kahawa yake isizidi tangawizi, nilizijua hadithi zake zote. Sikumjua baba yake kwa jina. Sikuwa na nambari yake ya simu. Nyumba yake sikuijua ni ipi. Miaka tisa tulikaa bega kwa bega, na huo ndio ujirani niliokuwa nikijivunia.

Katika madrasa tulifundishwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na mbili kati yake ni kumzuru akiwa mgonjwa na kulifuata jeneza lake akifa. Zote mbili zilinipita. Tulifundishwa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatahadharisha masahaba wake na kukaa njiani, na waliposema hawana budi na vikao vyao, akawaambia waipe njia haki yake: wainamishe macho, wasiwaudhi watu, waitikie salamu, waamrishe mema na kukataza maovu. Maana yake ni kwamba kikao kina ada yake ya kulipa, na ada hiyo si hela ya kikombe.

AIBU ZA BARAZA

Kwa hivyo sitalipamba baraza kupita kiasi. Sote twajua kwamba pana mabaraza ya fitina, ambapo mpita njia hapiti na nguo zake nzima. Pana pembe nyingine mitaani ambazo vijana wetu hawaketi kwa kahawa, bali kwa unga, nao hutafuta pale pale alichokitafuta mwenzangu wa bara: mtu wa kukaa naye. Anayewafukuza tu, bila ya kuwapa kikao kingine, hajawatibu.

Tena baraza letu ni la wanaume. Mama zetu na dada zetu wana vikao vyao vya ndani, vya arusini na matangani, na kwa kweli katika kujuliana hali wametushinda. Mke wangu aliposikia kisa changu aliniuliza, "Miaka tisa, na hukuwahi hata mara moja kumpelekea sahani ya futari?" Sikuwa na jawabu.

Na jingine ni hili: siku hizi nyumba nyingi mpya hujengwa bila ya baraza, kwa ukuta mrefu na geti la chuma. Hata pale penye baraza, utawaona watu watano wamekaa, kila mmoja ameinamia simu yake. Jiwe lipo, kahawa ipo, na kikao hakipo.

DESTURI MPYA

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Vikombe vikagonganishwa tena usiku, na tukarudi tulivyobakia. Siku zile za mwanzo pembe ya mzee haikukaliwa na mtu. Halafu bila ya kuandika katiba wala kuchagua mwenyekiti, tukajiwekea desturi moja: mtu akikosekana siku mbili mfululizo, mmoja wetu huenda kubisha hodi kwake. Kila mmoja ajulikana anapolala. Mara nyingi tunamkuta mzima, amechoka tu, na hukasirika kwa kuamshwa. Hasira hizo twazipokea kwa furaha.

Ami wa kahawa naye amerudi, na juzi alinitilia kikombe akaniambia, "Wewe ni wa viwili." Sikujua kama alikuwa akinihesabu. Nilihisi kama mtu aliyefunikwa shuka usingizini.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ukitoka Isha usiku wa leo, kaa kidogo. Na ukiinuka, tazama ni nani hayupo. Mimi kwa upande wangu namwachia mzee wetu ubeti huu, na Mola amrehemu:

Hakufika barazani, mwenza wa kunwa kahawa,
Mfuate kwake ndani, huenda ameuguwa,
Usiseme ana nini, kuuliza ni kujuwa,
Si kinwaji ni udugu, ulotiwa kikombeni.