Sakitu ya Ipelele na bei ya viazi

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa viazi mviringo anayetaka kukisia bei ya gunia miezi mitatu ijayo hana budi kutazama mambo mawili: mvua na sakitu. Katika kata ya Ipelele, wilayani Makete, mkoa wa Njombe, mawili haya ndiyo yanayoamua viazi vishuke sokoni lini na kwa wingi gani.

Ipelele iko katika nyanda za juu, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi katika kila meta 1,000 za kupanda mlima. Hata hivyo, theluji haianguki huko kama inavyoanguka kileleni Kilimanjaro. Kinachoonekana alfajiri ni sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani, ambao wengi huuita barafu.

Msimu wa mvua

Tofauti na mikoa yenye vuli na masika, Njombe hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na pengine Mei. Viazi vingi hupandwa mvua zinapoanza na hukomaa baada ya miezi mitatu hadi minne. Matokeo yake ni kwamba mashamba mengi huvunwa kwa wakati mmoja, kati ya Februari na Aprili.

Mzigo huo huelekea Makambako, ambako barabara ya kutoka Songea na Njombe hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya pamoja na reli ya TAZARA. Viazi vikifurika, bei hushuka. Aidha, mvua huleta ugonjwa wa ukungu shambani na utelezi katika barabara za udongo. Mkulima anayeogopa mzigo wake usioze huuza upesi, na mara nyingi hukubali lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo cha kilo 100 kinachoruhusiwa kisheria. Hivyo hupunjwa mara mbili, katika bei na katika uzito.

Msimu wa kipupwe

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Upepo wa kusi huvuma, mbingu huwa nyeupe na ardhi ya vilimani hukauka. Kilimo huhamia kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu mwaka mzima. Kwa kuwa eneo la vinyungu ni dogo, viazi hupungua sokoni na bei hupanda. Wauza chipsi wa Dar es Salaam hawapumziki kwa sababu ya kipupwe.

Hapa ndipo faida na hatari hukaa pamoja. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo, huteremka milimani kama maji na kutuama bondeni, pale pale penye kinyungu. Shamba lenye maji ndilo lenye sakitu. Joto likifika kiasi cha nyuzi 2 chini ya sifuri, majani ya kiazi hufa. Jua likipanda huwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mbegu iliyo chini ya udongo huweza kuchipua tena, lakini mavuno huchelewa na kupungua.

Sakitu kupandisha bei si jambo geni duniani. Ile iliyoua mibuni ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa mpaka kilele cha 1977, na wakulima wa Tanzania wakanufaika. Tatizo la Ipelele ni kwamba safari hii aliyeunguliwa ndiye huyo huyo anayeitazama bei ikipanda akiwa hana cha kuuza. Faida humwendea jirani ambaye shamba lake limesalimika.

Hesabu ya mkulima

Dawa si kuacha vinyungu, bali kutoweka mtaji wote bondeni. Anayegawa mbegu, nyingine kwenye mteremko wa kando na nyingine bondeni, hapotezi vyote usiku mmoja. Anayepanda Agosti badala ya Juni huchipusha miche sakitu ikiwa imeanza kupungua, na huvuna kabla viazi vya mvua havijafika sokoni. Kumwagilia jioni nako husaidia, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu.

Aidha, baridi yenyewe ni mali. Vidukari, wadudu wanaoeneza virusi vya viazi, ni wachache katika nyanda za baridi. Kwa sababu hiyo mbegu ya huko huweza kuwa safi kuliko ya tambarare. Pareto nayo huhitaji baridi ili itoe maua. Na viazi vya kula vikiwekwa mahali penye giza na ubaridi huweza kusubiri bei, mradi visiwe vimevunwa vikiwa na ugonjwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za msimu na pia wa kipupwe. Wengi husikiliza ule wa mvua na kuupuuza ule wa baridi. Kwa anayefanya biashara ya viazi vya Makete, taarifa zote mbili ni taarifa za soko.