Ruzuku ya Shule na Wajibu wa Wazazi

Kata ya Masanze, wilayani Kilosa katika mkoa wa Morogoro, ni kata ya wakulima. Mtoto wa mkulima husoma katika shule ya msingi ya serikali pasipo kulipa ada. Kwa hiyo wazazi wengi huuliza: ikiwa serikali imekwisha kulipa, mzazi ana kazi gani tena shuleni? Jawabu limo katika hesabu ya fedha zenyewe.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, uliomwekea kila mwanafunzi ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, kiasi kilikuwa kile kile, ingawa bei za vitu zilikuwa zimepanda sana. Shilingi 4,000 zilitengwa kununulia vitabu, na 6,000 zikapelekwa shuleni.

Chukuliwe mfano wa shule yenye watoto 600. Fungu lake kwa kipimo hicho ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo zimo gharama za chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Chakula cha mchana hakimo. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi.

Tena, ruzuku hii huhesabu vichwa tu, haitazami umaskini. Huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 1965, serikali kuu hutoa fungu maalumu kwa shule zenye watoto wengi wa maskini, na shule hizo hupaswa kuandikiana mapatano na wazazi. Tanzania yafuata njia nyingine: Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, umezipa kaya maskini zenyewe fedha, na sehemu ya fedha hizo ikafungamanishwa na mahudhurio ya mtoto shuleni.

Panapobaki pengo, kamati ya shule ndiyo yenye kazi. Humo wamo wazazi waliochaguliwa na wenzao, na mwalimu mkuu ni katibu. Mzazi asiyehudhuria mkutano hajui kama fedha zimefika kamili au zimepungua, na asiyejua hawezi kudai. Vilevile mwalimu hana ruhusa ya kumlazimisha mtu kuleta debe la mahindi. Wazazi wenyewe ndio wawezao kukubaliana nani alete mahindi, nani alete kuni, na nani asamehewe kwa kuwa hana kitu, ili mtoto wake naye ale pamoja na wenziwe.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shule ya kijiji si la mwalimu peke yake. Wazazi wasipolifungua, atakayeshinda njaa darasani ni mtoto wao.