Unauza safari za boti mtandaoni? Uliza maji kwanza

Wauzaji wenzangu, hii ilinigharimu. Nauza nafasi za boti Shimoni hadi Kisite kwa WhatsApp. Nikaposti picha ya fungu la mchanga, wateja sita wakatuma pesa ya kushika nafasi. Kufika, maji yamejaa, fungu halionekani! Nikarudisha nusu ya pesa.

Pango la Shimoni unaliingia kutoka kijijini, maji yajae yasijae. Fungu hutokeza maji yakipwa tu, na saa ya kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Ratiba ya wiki jana usiikopi. Sasa namuuliza nahodha kwanza, ndio naandika saa ya kuondoka chini ya picha. Kiingilio cha hifadhi nakiandika kando, maana hapo pia watu hugombana.